Mashine ya Baba Yako Mikononi Mwangu

Karakana ya Marehemu Damoah,
Kijiji cha Mbao, Sokoban,
Kumasi.
Jumapili, 9 Machi 2025

Mpendwa kaka Kwaku,

Salamu nyingi zikufikie huko Abidjan kutoka kwangu mimi mdogo wako Yaw, mtoto wa shangazi yako. U hali gani? Kile kifua kilichokuwa kinakubana kila msimu wa vumbi kimepoa, au hewa ya huko ndiyo imekiharibu zaidi? Nasikia chakula chao hakina pilipili ya kutosha. Kama ni kweli, pole sana, maana nakujua.

Sisi huku tu wazima. Joto ni kali na mvua inatutania tu: inanguruma juu ya Sokoban, kisha inakwenda kunyesha kwa wengine. Mama yako, Maame Akyaa, hajambo. Goti la kulia linamsumbua akipanda ngazi za kanisa, lakini ulimi wake hauna ugonjwa wowote. Juzi alimwambia katekista mbele ya watu kwamba mahubiri yake yana umri mrefu kuliko kuku wa Krismasi. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi juu yake.

Utashangaa kupokea barua wakati simu zipo. Nimekupigia zaidi ya mara moja. Ulipopokea nikakuuliza habari za mvua, kisha habari za mpira, kisha nikasema salio linaisha. Salio halikuwa linaisha. Aibu ndiyo iliyonifanya nikate simu. Kwenye karatasi angalau hunisikii nikibabaika, na dereva wa basi la Abidjan ameniahidi kukufikishia bahasha hii mkononi.

Jambo lenyewe ni mashine ya kukereza mbao ya marehemu baba yako.

Desturi yetu naijua kama unavyoijua wewe. Mali ya mjomba hupewa mpwa wake, mtoto wa dada yake, na wewe ni wa ukoo wa mama yako, kwa hiyo wazee walipokaa baada ya mazishi, mashine na karakana vikaja kwangu. Sikuitunga mimi desturi hiyo. Lakini wewe ulisimama kwenye mashine ile tangu ulipomaliza shule, wakati mimi nilikuwa nauza makava ya simu pale Adum. Watu walikushauri uende mahakamani, kwamba sheria siku hizi inamtazama mtoto pia. Hukwenda. Ulinikabidhi funguo kwa mkono wako mwenyewe, ukanionyesha swichi, ukaniuliza kama ningependa ukae wiki chache unielekeze. Wazee walikuwa wanatutazama, nami nikataka nionekane mwanamume. Nikakujibu kwamba siku hizi kila kitu kipo kwenye simu. Ukacheka kidogo, ukaenda kufunga mizigo yako.

Basi nimekitafuta hicho kila kitu, kaka, na nataka nikueleze nilichokipata.

Kwenye simu kuna mzungu mmoja mwenye ndevu anayekereza bakuli za kuwekea matunda, nyembamba hata mwanga unapita. Mashine yake haina sauti, na kasi anaiongeza kwa kugusa kidole. Yetu unaijua, ina kasi ile moja tu aliyoipa baba yako, na ikianza kuzunguka majirani hupandisha sauti ili wasikilizane. Kuna kijana mwingine anayeharakisha picha na kuweka muziki. Gogo linaingia, chombo kinatoka, na wewe hujaona patasi ilipopita. Kuna pia fundi wa Moroko anayekaa chini, akizungusha mbao kwa upinde huku ameshika patasi kwa vidole vya mguu. Huyo nilimtazama sana kwa raha tu. Nilichojifunza kwake ni kuviogopea vidole vyake.

Nilikwenda hata chuo kimoja cha ufundi, ambacho sitakitaja jina kwa sababu mwalimu wake alinipokea kwa upole. Mashine yao haikuwa na mkanda. Tukachora. Tulichora mguu wa meza kutoka juu, kutoka ubavuni, na ukiwa umekatwa katikati, na mwalimu akanisifu kwa mistari iliyonyooka. Nikarudi Sokoban mchoraji, na miguu ya vitanda bado inanisubiri.

Kitabu nilikipata sokoni Kejetia kwa muuza vitabu vya mitumba. Kimejaa miti ya baridi ambayo sijawahi kuiona, miti yetu ya odum na wawa haimo kabisa. Lakini sura ya kunoa ilinifaa. Kumbe nilikuwa nakwaruza mbao kwa chuma butu, kama mtu anayekwangua ukoko wa sufuria. Wiki hiyohiyo mguu wa kitanda ulikuwa umenichomoka na kuruka hadi kwa jirani, ukapasua kioo cha kabati lake, na alipokuja alitaka tu kujua kama leo nafundisha mbao kuruka au kuogelea.

Mwalimu mzuri kweli nilimpata mmoja, mama wa kizungu mwenye mvi. Nilimtambua kwa kuwa anasimamisha mashine. Wengine wakikosea wanakata kipande kile cha picha usikione. Yeye anasimamisha, anakuonyesha patasi iling'ata wapi na kwa nini, kisha anarudia polepole. Kwake nilijifunza kuegemeza mgongo wa patasi kwanza juu ya mbao inayozunguka, ndipo niinue mpini mpaka makali yaanze kula. Kwake nilijifunza hata namna ya kusimama. Bila mama yule leo ningekuwa na jicho moja. Ila hajawahi kuiona tapoli, ule mchi wetu wa mkononi, maishani mwake, na hapo ndipo nilipojiaibisha.

Unamkumbuka Auntie Serwaa wa mgahawa wa fufu. Tapoli zake zote za kusagia pilipili zilikuwa kazi ya baba yako. Zimechakaa, vichwa vimeliwa na asanka, lile bakuli la udongo la kusagia, akaja kuniagiza mpya, beseni zima. Nilifurahi mno, maana ilikuwa mara ya kwanza mteja wa marehemu kuniamini. Umbo nililipatia, wallahi: kiuno chembamba cha kushikia, vichwa viwili vya mviringo. Kisha, kwa kuwa yule mwenye ndevu hamalizi kazi bila kuing'arisha, nikapiga msasa mkali, nikapiga laini, nikapiga laini kuliko huo, halafu vanishi, na ilipokauka vanishi tena. Ziling'aa kama viatu vya bwana harusi. Nilizipiga picha nikaziweka kwenye simu watu wazione, na watu wa mbali, ambao hawasagi pilipili, wakanisifu.

Unajua tayari kilichofuata. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa sijui.

Serwaa alizianza siku ya Jumamosi, mgahawa umejaa watu wa misibani waliovaa nyekundu na nyeusi. Tapoli zikateleza juu ya pilipili kama sabuni. Wasichana wa jikoni wakazidi kukandamiza, na kwa nguvu zile, pamoja na chumvi na maji ya nyanya, vanishi ikaanza kubanduka. Wateja wakaletewa fufu na mchuzi wenye harufu ya duka la fanicha. Mzee mmoja alionja tonge la kwanza, akalimeza kwa heshima, akanawa mkono, akauliza kwa sauti ya chini: "Serwaa, leo umetupikia kabati?"

Swali hilo limezunguka Kijiji cha Mbao chote. Hata leo nikipita kwa wachana mbao wananiuliza kama kabati limeiva.

Jumatatu Serwaa akaja na beseni kichwani. Alilitua mbele ya mashine, akachukua tapoli moja, akaninyooshea.

"Lamba," akasema.

Nililamba, Kwaku, mbele ya mafundi wa pande zote mbili. Ilikuwa chungu.

"Marehemu alikuwa ananipa mbao tupu," akasema Serwaa, "naiosha kwa maji ya moto na chumvi, basi. Nani alikwambia pilipili inataka kupakwa rangi?"

Ningemwambia nini, kwamba ni mzungu mwenye ndevu?

Mama yako alikuwepo. Tangu ulipoondoka huja kila siku kukaa kwenye lile benchi la ukutani, anachambua mboga zake za nyumbani, na mimi siku zote nilidhani anakuja kuhakikisha siharibu mali ya mumewe. Siku hiyo aliinuka na goti lake lile, akaokota kipande cha chupa, akakaa chini karibu na beseni, akaanza kuikwangua vanishi. Serwaa akamwambia aache, mwenye kosa yupo na mikono anayo. Mama yako hakuinua hata kichwa.

"Acha, Serwaa," akasema. "Hizi zimetoka kwetu."

Kwetu, ndivyo alivyosema. Yeye ambaye mwanawe ameondolewa kwenye mashine ile nikawekwa mimi, alisema kwetu mbele ya watu, akaichukua aibu yangu akaifanya ya nyumba yake. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilikaa kando yake, nikatafuta kipande changu cha chupa, tukakwangua hadi jioni. Serwaa alizipokea kesho yake. Anasema zinasaga, ingawa siku za joto bado zinanukia kidogo.

Ningeweza kuishia hapo na ingetosha kunitia haya mwaka mzima. Lakini kuna jingine, na hili ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Yule mama mwenye mvi alishauri kwamba anayejifunza peke yake ajipige picha ya video akiwa kazini, kisha ajitazame, aone mabega na miguu yake inavyokaa. Nikaiona ni busara. Alhamisi nikasimamisha simu kwenye rafu mbele yangu, nikakereza mguu wa kitanda mwanzo hadi mwisho. Jioni nikakaa kuitazama.

Mama yako alionekana nyuma yangu, kwenye benchi. Patasi ilipolia, alifumba macho, na mkono wake ukakamata kitambaa cha kiunoni. Patasi ilipokata vizuri, kwa muda mfupi kama ninavyoweza, aliyafumbua na mkono ukalegea. Ikalia tena, akafumba tena. Ilikuwa hivyo mpaka mguu ukaisha. Niliitazama picha yote ile, kaka, na mabega yangu sikuyaona hata kidogo.

Miaka yote ya ndoa yake amepika kando ya mashine ile. Sauti ya mkono wa mumewe anaijua, na wako anaujua. Sasa kila siku anakaa pale anaisikiliza ikilia mikononi mwangu, wala hajanitamkia neno. Kesho yake nilimuuliza kwa nini anakuja, akanijibu kwamba nyumbani kumekuwa kimya mno. Nikamuuliza kama kazi yangu ni mbaya. Alifikiri kwanza.

"Unajitahidi, mwanangu," akasema.

Afadhali angenipiga kofi.

Nikaenda kwa mkuu wa ukoo wetu, Nana Fosu, nikamwomba mashine upewe wewe. Hakuniacha nimalize. Alisema kilicho cha ukoo hakitoki nje ya ukoo, na yeye hataki kwenda kuwaeleza waliotangulia kwamba kilitoka mikononi mwake. Basi nikamwomba la pili: kama mashine haiwezi kukufuata, mimi niwe mwanafunzi wako, na yeye kama mzee wangu akupelekee chupa ya pombe kali ya kuniombea nafasi, kama inavyofanywa kwa kijana yeyote anayeingia kazini. Alicheka mpaka akakohoa.

"Mwenye mashine aombe ruhusa ya kufagia chini ya mashine yake?" akasema. "Na mimi na mvi zangu nibebe chupa nimfuate Kwaku? Toka hapa, Yaw."

Lakini nilisikiliza vizuri maneno yake. Alikataa kubeba. Hakusema nisibebe.

Kwa hiyo nilinunua chupa ya schnapps mwenyewe, nikajitanda kitambaa changu cha sherehe, nikaenda nayo kwa mama yako. Nilivua viatu mlangoni, nikashusha kitambaa begani kwa heshima, nikayasema maneno yale ambayo mwanafunzi husemewa na wazazi wake. Nilijisemea mwenyewe, na katikati nilisahau, akanikumbusha. Aliipokea chupa kwa mikono miwili. Hakuifungua.

"Fundi wako si mimi," akaniambia. "Mwandikie mwenyewe. Akikubali nitaifungua. Akikataa nitakurudishia, na hakuna mtu atakayejua kwamba ulikuja."

Ndiyo maana ya barua hii. Nakuomba urudi, kaka Kwaku, uwe fundi mkuu hapa, nami niwe chini yako. Jina la mwenye mashine litabaki la ukoo kwa kuwa Nana hataki kusikia lolote, lakini mkono wa kuamua utakuwa wako: kazi ipi tuipokee, gogo lipi tulinunue, nani asimame mbele na nani akae nyuma. Nitazoa maranda, nitanoa, nitakwenda kukununulia kenkey saa sita. Ukinikaripia mbele ya wateja nitanyamaza. Siku ukiona nimeiva utanimwagia poda kichwani mbele ya watu, kama anavyofanyiwa kila anayehitimu, na kama siku hiyo haiji nitaendelea kufagia. Najua watanicheka, mtu mzima mwenye mvi za kwanza kidevuni anaanza na ufagio. Waache wacheke, wameshazoea.

Na kama hutaki, ni haki yako. Una maisha yako huko, na niliyokujibu siku ile ya funguo hayafutiki kwa chupa moja. Sitakulaumu wala sitamwambia mtu. Nieleze tu jambo moja: ni nini ulichokuwa unakiweka chini ya mguu wa nyuma wa mashine? Tangu uondoke inatetemeka, nimejaribu mbao, mpira, hata ndala yangu ya zamani, na bado mama yako anafumba macho.

Shangazi yako, yaani mama yangu, anakusalimu sana, anasema ule vizuri. Dada yako Konadu anakusalimu, amebadilisha kazi na sasa yuko duka la dawa. Nana Fosu naye anakusalimu, ingawa ameniambia nisikwambie kwamba amekusalimu. Auntie Serwaa anasema ukirudi utakula bure siku moja, na amesisitiza siku moja. Nami nisalimie wote unaoishi nao.

Mungu akulinde barabarani na kazini, na akutunzie vidole vyako vyote, maana mikono yako tunaihitaji.

Ukikubali, usinipigie mimi. Nitakuuliza tena habari za mvua. Mpigie mama yako, umwambie afungue chupa. Barua hii ikishaondoka, kila jioni nitakwenda kukaa kwake ukumbini, nitasingizia kumsaidia kuosha vyombo, na kila simu yake itakapolia nitavua viatu, kama siku ile ya chupa.

Wako akupendaye, na ambaye bado anakuonea haya,

mdogo wako,
Yaw Barimah